Kadi ya chanjo si tiketi ya mbwa

Wanaohama Nairobi au Dar kwenda Ujerumani huambiana hivi: mbwa akishachomwa sindano ya kichaa na kadi ikagongwa muhuri, kilichobaki ni kumtafutia kizimba na ndege. Sivyo.

Inatangulia chipu, ile punje ya ukubwa wa mchele inayoingizwa chini ya ngozi, shingoni. Daktari wa mifugo akipitisha kifaa chake juu ya manyoya, zinatokea tarakimu 15 za kumtambulisha mbwa huyo. Chanjo iliyochomwa kabla ya chipu haihesabiki kwa Umoja wa Ulaya, hata kama ni ya wiki iliyopita. Inabidi achanjwe upya, na hapa ndipo wengi hukwama.

Halafu damu. Kenya na Tanzania hazimo kwenye orodha ya nchi zinazosamehewa kipimo cha kinga ya kichaa cha mbwa. Kwa hiyo, siku 30 au zaidi baada ya chanjo, mbwa hutolewa damu, ikapimwa katika maabara iliyoidhinishwa na Umoja huo. Kinga ikifika uniti 0.5 kwa mililita, bado unangoja miezi 3, na inahesabiwa tangu siku damu ilipotolewa, si siku majibu yalipokuja.

Jumla ni kama miezi 4, na hapo cheti cha afya bado; hicho hutolewa ndani ya siku 10 kabla ya kufika. Kama kazi inaanza mwezi ujao, mbwa wako Simba atabaki kwa shangazi kwanza.