Do haina kiti chake: kwa nini kwaya, kinanda na tarumbeta hawaelewani

"Mwalimu, hivi do yenyewe iko wapi kwenye kinanda?"

Mama mmoja wa sauti ya pili aliniuliza hivyo wiki iliyopita baada ya mazoezi, tumeshakunja karatasi, watu wanawahi bajaji za Mwanjelwa, na mi nikarudi nikakaa chini maana hilo ndo swali lenyewe. Huyu mama anasoma nota za solfa, yani zile za do re mi, vizuri kuliko wengi ninaowafundisha, mpe karatasi asiyowahi kuiona ataiimba, lakini hakuna mtu aliyewahi kumuonyesha do kwenye kinanda. Na mpiga kinanda wetu naye kii zote anazijua, ila ukimwambia "nipe so" anabaki anakuangalia. Wako kwaya moja, wimbo mmoja, na kila mmoja ana lugha yake.

Jibu nililompa ni kwamba do haina kiti chake. Inakaa popote.

Majina ya sauti kwenye muziki yako ya aina mbili na shida nyingi zinaanzia pale watu wanapoyachanganya. Kuna herufi, A mpaka G alafu unaanza tena A. Hizi ni za mahali, G ni kitufe kile kile leo na kesho. Alafu kuna do re mi fa so la ti, na hizi ni za undugu. Chukua mtu mmoja pale Tukuyu, kwa wanae ni baba, kwa watoto wa dada yake ni mjomba, akienda ukweni ni mkwe, na ni yule yule, nyumba yake iko pale pale, kinachobadilika ni nani anayemuita. Sasa G iko hivyo hivyo. Do ikiwa C, G anaitwa so. Do ikiwa F, G huyo huyo anaitwa re, do ikiwa D anaitwa fa, do ikiwa B flati (kitufe cheusi kilicho chini kidogo ya B) anaitwa la. Na siku ukisema do ni G basi yeye ndo mwenye nyumba na wengine wote wanahesabiwa undugu kuanzia kwake. Hiyo ndo kii. Ukisikia mtu anasema "tunaimba kii G" anakuambia tu mwenye nyumba leo ni nani.

Undugu wenyewe unapimwa kwa hatua. Kwenye kinanda, kutoka kitufe kimoja kwenda kinachofuatana nacho kabisa, kiwe cheupe kiwe cheusi, ni nusu toni, na toka do hadi do ya juu unahesabu nusu toni 12. Do kwenda re ni toni nzima, re kwenda mi nzima, mi kwenda fa NUSU, alafu fa kwenda so, so kwenda la, la kwenda ti zote nzima, na ti kwenda do nusu tena. Shika hizo nusu mbili, mi-fa na ti-do, utakua umeshika sehemu kubwa sana ya kitu kinachoitwa skeli ya meja. Angalia kinanda vizuri utaona kati ya E na F hakuna kitufe cheusi, kati ya B na C pia hakuna, kwa hiyo ukianzia C zile nusu zinaangukia mahali pake na unapita kwenye vyeupe vitupu. Anzia G sasa, vyeupe tu. Utaenda vizuri mpaka la, ukifika ti unakanyaga F na sikio linakataa papo hapo, kwa sababu toka F mpaka G ni toni nzima na ti inatakiwa iwe imeegemea do kwa nusu toni. Unapanda nusu, unapiga F shapu, mambo yanakaa sawa. Shapu na flati zinazoandikwa mwanzo wa mistari mitano zinafanya kazi hiyo, kulinda undugu usivunjike do inapohama.

Mwimbaji wa solfa hayo hayamuhusu, kwake ti ni ti. Na hapa ndo naipendea solfa kutoka moyoni. Nikiona sauti ya kwanza wanaumia kule juu nashusha do toka G mpaka F na hakuna karatasi inayofutwa, wanaimba maneno yale yale, nota zile zile. Mpiga kinanda asiye na kitufe cha kuhamisha kii ndo anatoka jasho.

Majina haya yametoka mbali. Mtawa Guido wa Arezzo, kule Italia karne ya 11, alichukua silabi za mwanzo wa mistari ya tenzi moja ya Kilatini akapata ut re mi fa sol la, baadaye ut ikageuka do na ya saba ikaongezwa ikaitwa si. Karne ya 19 Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, akaigeuza si kuwa ti ili kila jina lianze na herufi yake, maana so na si zote zinaanza na s, na John Curwen akaueneza mfumo huo. Faida yake unaiona kwenye karatasi zetu, | d : m | s : – |, herufi moja moja na unaweza kuichapa kwa mashine ya kawaida. Mstari wima ni pigo zito, nukta mbili ni pigo jepesi, kistari ni shikilia usiachie, na nukta moja ikikaa katikati inalikata pigo nusu. Mapigo nitayaandikia siku yake.

Sasa ngoja niwape kisa, maana nilijifunza kwa aibu ya watu wengine na iliniuma. Mwezi wa saba, asubuhi, huku Rungwe, baridi ile mnayoijua ya ukungu mpaka saa nne. Kwaya imekutana na tarumbeta kwa mara ya kwanza siku ile ile ya kuimba. Mpiga kinanda anasema "kii C", kijana wa tarumbeta anaitikia C, wanaanza pamoja, na kinachotoka ni vurugu, nusu ya kwaya imechukua do ya kinanda nusu imechukua do ya tarumbeta, wanaimba wimbo mmoja wamepishana toni nzima. Aliyekua anaongoza akawageukia waimbaji mbele ya watu akawaambia hawana masikio. Jamani. Masikio walikua nayo, kila mmoja alishika vizuri kabisa do aliyopewa, ila walipewa do mbili.

Tarumbeta nyingi ni za B flati, yani mpigaji akipuliza bila kubonyeza pistoni (vile vitufe vya juu) hata moja sauti anayoiita C, kinachosikika kwenye kinanda ni B flati, toni nzima chini. Ili alingane na C ya kinanda lazima apige D yake. Kuna bendi nyingine, mfano za makanisani kule Ujerumani, wanafundishwa kusoma kama inavyosikika, huyo akikuambia C ni C ya kinanda kweli, kwa hiyo muulizeni mtu amefundishwa vipi kabla hamjaanza.

Kijana akahamia D yake, tukaanza upya, na bado tarumbeta ilikua chini kidogo, sio toni, kidogo tu ya kukera. Hiyo ilikua baridi. Sauti ndani ya mrija inasafiri polepole hewa ikiwa ya baridi, na tarumbeta inashuka kama senti 3 kwa kila nyuzi moja ya joto inayopungua, nusu toni moja ikiwa ni senti 100. Toka nyuzi 20 mpaka 10, ambayo kwetu mwezi wa saba ni asubuhi ya kawaida kabisa, unapoteza karibu senti 30. Kinanda cha umeme hakisikii baridi, A yake ni mitetemo 440 kwa sekunde iwe Kyela kwenye joto iwe Kitulo kwenye baridi. Dawa ni kupuliza hewa ya moto ndani ya tarumbeta dakika kadhaa kabla, ikibaki chini sukuma mrija wa kutyuni ndani kidogo, alafu mtyuni mkiwa pale pale mtakapopigia, maana mkityuni ndani alafu mkatoka nje kwenye ukungu kazi yote imepotea.

Mama wa sauti ya pili kanisikiliza mpaka mwisho alafu akasema, "Kwa hiyo mwalimu, kwenye karatasi utuandikie mwenye nyumba wa kila mtu." Ndo tunachofanya sasa. Juu ya kila wimbo naandika Do=F, chini yake tarumbeta G. Do=G, tarumbeta A. Do=B flati, tarumbeta C, na hiyo vijana wa tarumbeta wanaifurahia sana kwa sababu haina shapu wala flati upande wao.