Usikate mwanzo wa amadinda

Vipande vya amadinda vinavyozunguka kwenye simu zetu hapa Kampala vingi vimekatwa mwanzo. Mtumaji anataka usikie moto umeshawaka, vigelegele juu. Mimi ninayeifundisha ala hii ningekata mwisho, mwanzo nikauacha.

Amadinda ni marimba ya vibao 12, mara nyingi vya mti wa lusambya, vilivyolazwa juu ya magogo mawili ya mgomba. Wapigaji ni watatu. Omunazi huanza peke yake, mikono yote miwili ikigonga noti ileile, mmoja juu na mwingine chini, kwa mwendo usiobadilika. Tega sikio hapo, maana sehemu yake hutaisikia tena ikiwa peke yake. Kisha omwawuzi, aliyeketi upande wa pili, anatia mapigo yake katikati kabisa ya mapigo ya mwenzake. Papo hapo kasi inakuwa maradufu, ingawa hakuna mkono uliokwenda mbio zaidi.

Hapo ndipo sikio linapochezewa. Linakusanya sauti za juu kivyake na za chini kivyake, na unaanza kusikia nyimbo ambazo hakuna hata mmoja wa wale wawili anayezipiga. Wanafunzi hunibishia mpaka nimsimamishe mpigaji mmoja. Wimbo waliokuwa wakiuimba haupo. Gerhard Kubik, Mwaustria aliyefundishwa na Evaristo Muyinda, mpigaji wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, aliandika kuhusu jambo hili katika miaka ya 1960. Na ni bahati Muyinda alikuwa mwalimu, kwa sababu jeshi liliposhambulia ikulu hiyo, Lubiri ya Mengo, mwaka 1966, wanamuziki wa ikulu walitawanyika.

Wa tatu, omukoonezi, ndiye kipenzi changu. Ana vibao viwili tu, vile vidogo vya mwisho. Noti za Kiganda ni tano, kwa hiyo vibao 10 vinatosha oktavu mbili, yaani noti hizo tano mara mbili. Viwili vilivyobaki ni zilezile noti mbili za chini kabisa, ila zimepanda juu. Kila zinapojitokeza kule chini, yeye huzigonga huku, na wimbo uliojificha kwenye besi unatoka hadharani. Ukimwona kanyamaza kwanza, bado anautafuta. Ukirekodi, weka simu karibu naye. Vibao vyake vina sauti nyembamba, na zikiwapo ngoma humezwa upesi.