"Mnapokea bima?" Swali hilo halitoshi

Wiki hii ni mara ya nne. Mama katoka Sengerema, kavuka na kivuko cha Kamanga asubuhi, kanifikia hapa Mwanza, kadi mkononi: "Dokta, pale getini wamesema mnapokea bima." Ni kweli tunapokea. Ila mimi ni mwanasaikolojia, na kadi yake hailipii vikao vyangu, na nauli ndiyo imeshaliwa.

Halafu mimi si daktari, dawa siandiki. Ukitaka dawa, ulizia kliniki ya afya ya akili pale hospitali ya Bugando. Na kuja kwangu si kupelekwa Mirembe. Mirembe ni hospitali ya wagonjwa wa akili, na iko Dodoma.

Turudi kwenye kadi. Kituo kikisema kinapokea bima, maana yake kina mkataba na hiyo bima, basi. Kadi iliyokutibu malaria bila shida mwezi jana inaweza kukwama mlangoni kwangu, kwa sababu kifurushi chako hakina saikolojia, au kinayo lakini kinadai rufaa kwanza. Mlinzi atayajulia wapi hayo? Hata dada wa mapokezi, na ile foleni yake, atakuitikia tu ili usogee. Nenda dirisha la bima, toa kadi, sema: "Nataka kumwona mwanasaikolojia. Kifurushi hiki kinamlipia? Vikao vingapi? Kuna rufaa au kibali?" Wakisema ndiyo, usiondoke. Waiangalie kwenye mfumo ukiwa umesimama hapohapo.

Kuna jambo jingine ambalo darasani tulilipita haraka. Fomu ya madai inataka msimbo wa ugonjwa. Mjane mmoja wa Kirumba alikuja mwezi mmoja baada ya kumzika mumewe, usingizi hapati. Nikamwandikia Z63.4, yaani kafiwa. Dai likarudi. Ningeandika F32, sonona, pengine lingepita, lakini niliyemwona mbele yangu alikuwa na msiba, na neno sonona likishaingia kwenye faili halitoki. Akalipa mfukoni vikao viwili, hakurudi tena. Mpaka leo sina hakika kama nilimtendea haki.

Siku hizi, kabla sijajaza fomu, namwonyesha mteja ninachotaka kuandika. Wengi wananijibu, "Andika chochote, dokta, mradi walipe." Hapo ndipo tunapoanza kubishana, na dakika za kikao zinakwenda.