Kujishambulia kwa Kibali: Kabla ya Kuwasha Programu ya Kuiga Wadukuzi

Oktoba, mwezi wa uhamasisho kuhusu usalama wa mtandao, hutuletea maswali mengi kuliko miezi mingine. Yanayozidi kuongezeka ni mawili. La kwanza linatoka kwa wakuu wa taasisi: je, programu hizi za kuiga mashambulizi ya wadukuzi, ili taasisi ipime ulinzi wake yenyewe, ni salama? La pili linatoka kwa vijana: nimejaribu mfumo wa taasisi fulani nikakuta una pengo la usalama, nani atanilipa? La kwanza nitalijibu kwa kirefu. La pili lina jibu fupi, nalo halitawapendeza.

Programu zinazoulizwa sana, kama Caldera ya shirika la MITRE la Marekani na Atomic Red Team, hupatikana bure. Hazibuni hila mpya. Zinafuata orodha ya ATT&CK, ambayo MITRE ilianza kuikusanya mwaka 2013 na kuiweka wazi kwa umma 2015, ya mbinu ambazo wadukuzi wameonekana wakizitumia katika matukio halisi. Kila mbinu ina namba yake: T1566 ni ujumbe wa ulaghai, T1110 ni kubahatisha nywila mpaka moja ikubali, T1003 ni kuchota nywila zilizohifadhiwa ndani ya kompyuta. Kwa Caldera, programu ndogo iitwayo wakala huwekwa kwenye mashine zilizochaguliwa, kisha seva humpa wakala huyo amri moja baada ya nyingine. Anachokipata katika hatua ya kwanza, tuseme jina la mtumiaji, ndicho kinachofungua hatua ya pili.

Kila mara tunaambiwa: "Sisi tuna antivairasi, tena hatujawahi kudukuliwa." Mmejuaje? Taasisi isiyojaribu kengele yake haiwezi kuuchukulia ukimya kuwa ushahidi. Wengine hutuonyesha ripoti ya kukagua mapengo ya mifumo kana kwamba ni kitu kilekile. Sicho. Ukaguzi ule hueleza milango ipi haijafungwa. Zoezi hili huuliza iwapo kuna mtu atakayegutuka mgeni akiwa tayari sebuleni.

Matokeo yake huwa ya namna nne: mbinu imezuiwa; imeonekana na tahadhari ikatolewa; imeandikwa kwenye kumbukumbu za mfumo lakini hakuna aliyearifiwa; au haikuacha alama yoyote. Wakuu hupenda kuhesabu zilizozuiwa. Mimi huangalia ile namna ya tatu, kwa sababu data tayari ipo, taasisi imekwisha kuilipia, na mara nyingi kinachokosekana ni kanuni moja ya kutoa tahadhari. Irekebisheni, kisha rudieni mbinu ileile kesho yake. Uzuri wa kazi kufanywa na mashine ni kwamba haichoki kurudia.

Wala msiamini kwamba zoezi moja linapima kila kitu. Shambulio lililotatiza eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, Julai 2023 lilikuwa la kuzidisha mfumo kwa maombi kutoka nje. Wakala aliyemo ndani ya mtandao wenu hapimi jambo hilo.

Sasa kibali, na hapa naomba msiruke mstari. Kiwe cha maandishi, kimetiwa saini kabla ya zoezi na mtu mwenye mamlaka juu ya mfumo husika. Kitaje mashine zitakazoguswa na zisizoguswa, mbinu zitakazotumika, tarehe na saa za kuanza na kumaliza, na nambari ya simu ya mtu anayeweza kusimamisha zoezi papo hapo. Ikiwa seva ni ya kampuni nyingine, saini ya mkuu wenu wa TEHAMA haitoshi. Mwenye seva naye aridhie. Kubahatisha nywila kunaweza kufunga akaunti za wafanyakazi, basi msikufanye asubuhi ya kulipa mishahara. Anayeiga programu ya kufunga mafaili ili kudai fidia atumie mafaili ya bandia. Zoezi likiisha, mawakala wote waondolewe na uondoaji huo uandikwe.

Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, kifungu cha 14, inatoza kuingia mfumo bila idhini faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kifungu cha 18 kinahusu programu zilizotengenezwa kwa ajili ya uhalifu: anayezisambaza anakabiliwa na faini ya hadi shilingi milioni 20, kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili. Kifungu hichohicho kinaacha nafasi kwa mafunzo, majaribio na ulinzi wa mfumo vilivyoidhinishwa. Nafasi hiyo mtaithibitishaje bila karatasi?

Zoezi lenyewe si tukio la kuripoti. Lakini mkikuta katikati yake nyayo za mdukuzi wa kweli, lisimamisheni na mhifadhi kumbukumbu, kwa kuwa kifungu cha 40 cha sheria hiyohiyo kinadai taarifa kwa kamati ya kitaifa ya kuratibu masuala ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni ndani ya saa 24. Asiyetoa taarifa anakabiliwa na faini isiyozidi shilingi 200,000, kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote. Data za watu zikiwa zimechukuliwa, na watu hao wako hatarini kudhurika, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaongeza taarifa kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu kugundua.

Kwa vijana: hakuna atakayewalipa, na nia njema si kibali. Wekeni mashine zenu mbili nyumbani, Caldera itafanya kazi humo vizuri kabisa. Ukiliona pengo la taasisi kwa bahati, bila kulichokonoa, iandikie taasisi hiyo au KE-CIRT, kituo cha kitaifa cha kushughulikia matukio ya mtandaoni kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, eleza ulichokiona, uishie hapo. Usirudi kuhakikisha, na usitaje bei.