Je, wajua juu ya nini maziwa ingine inakataa kuwa mashanza?

Kama uko Goma na unapenda mashanza, yaani maziwa ya kuchacha iliyoganda, hii umeshaiona ama umeisikia kwa mama fulani: maziwa imetoka Masisi asubuhi, ameiweka kwenye chombo kama kila siku, ameongeza kidogo ya mashanza ya jana, kesho yake anafungua anakuta bado maji maji tu, haijashika, hata harufu ya uchachu hakuna. Moja kwa moja anamtukana muuzaji, eti ameongeza maji. Inawezekana, ama ni baridi ya usiku, ama sabuni ilibaki kwenye bidoni. Lakini iko sababu ingine watu hawaifikirii: ng'ombe alikuwa kwenye matibabu.

Kiwele kikivimba, ng'ombe anapigwa penisilini, na ile dawa inatoka na maziwa kwa siku kadhaa. Karatasi ya dawa inaandika siku ngapi maziwa isiuzwe, sasa nani atamwaga bidoni nzima siku tatu ama nne na watoto wanangoja minerval, pesa ya shule? Simlaumu mfugaji sana, ila wewe unayekunywa ndiye unamalizia dozi ya ng'ombe. Na usiseme "mimi ninachemsha", kuchemsha kunaua vijidudu, penisilini nyingi inabaki palepale.

Kinachogandisha mashanza ni bakteria wanaokula sukari ya maziwa na kutoa asidi, na hao penisilini kidogo tu inawalaza. Kiwango cha juu cha penisilini kwenye maziwa, kilichowekwa na Codex, wale wanaopanga viwango vya chakula duniani, ni mikrogramu 4 kwa lita. Yaani gramu moja ndani ya lita 250,000!

Sasa tumbo lako nalo ni chombo kama kile cha mama. Mwili una bakteria kama trilioni 38, karibu wote wako kwenye utumbo mpana, wanachachusha mabaki ya maharage na sombe, wanatengeneza vitamini K, tena wamejaza viti vyote mpaka Salmonella akifika anakosa pa kukaa. Dozi kamili ya antibiotiki inawafagia, ndiyo maana wengine wanaharisha wakimeza amoksisilini. Mabaki ya dawa kwenye glasi moja ya maziwa ama paja la kuku ni kidogo mno kufanya hivyo.

Shida ni ile kidogo ya kila siku. Haiui wote, inawabana wale wa kawaida, na wale sugu, wasiouliwa na dawa, wanapata nafasi ya kuzaana. Mwaka 2011 watafiti wa Uppsala, Uswidi, walionyesha kwenye maabara kwamba bakteria sugu wanawashinda wenzao hata dawa ikiwa mara mia na zaidi chini ya kiwango cha kuzuia wasikue. Na bakteria wanapeana jeni za usugu kama watu wanavyopeana namba ya simu, kwa hiyo leo ni kijidudu kisicho na neno, kesho ni kile cha ugonjwa.

Kinachonichekesha, maabara za maziwa zinapima kama kuna dawa kwa ujanja uleule wa mashanza: matone ya maziwa juu ya jeli ya zambarau yenye bakteria, inawekwa kwenye joto masaa kama matatu. Bakteria wakikua, asidi yao inageuza jeli kuwa njano. Ikibaki zambarau, basi huenda ng'ombe alipigwa sindano.