Video Ipo, Uthibitisho wa Nini Tena?

Kila ninapowafundisha waandishi wa habari za mtandaoni, haikosi mmoja wa kuniuliza: "Lakini video ipo, uthibitisho wa nini tena?" Wahariri wazima nao huniuliza hivyohivyo. Nimechoka kulijibu swali hili kwa kifupi.

Video peke yake inaonyesha tu kwamba kuna kitu kimeonekana kwenye kioo. Haisemi ni wapi, lini, nani alirekodi, wala kilichokatwa mwanzoni na mwishoni. Picha ya samaki papa akiogelea kwenye barabara iliyofurika ilisambazwa wakati wa kimbunga Irene mwaka 2011, ikaibuka tena wakati wa Harvey mwaka 2017. Papa huyo ni wa kweli. Aliondolewa kwenye picha nyingine, iliyochapishwa mwaka 2005, akabandikwa barabarani. Mnaiogopa akili mnemba, na ni haki yenu, lakini uongo unaonifikia mara nyingi ni video halisi ya zamani iliyovishwa maelezo mapya.

Kuna na kosa la upande wa pili: kuitupa video kwa sababu mkubwa fulani amesema ni ya uongo. Mwaka 2018 ilisambaa video ya askari wakiwaua wanawake wawili na watoto wawili. Serikali ya Kamerun ikaikana. Waandishi wa BBC Africa Eye, kitengo cha uchunguzi cha BBC, wakachukua umbo la milima iliyoonekana nyuma, wakalilinganisha na ardhi halisi hadi wakafika karibu na Zelevet, kaskazini mwa nchi hiyo. Vivuli vya askari vikawapa pembe ya jua, na pembe ikawasaidia kupata tarehe: kati ya 20 Machi na 5 Aprili 2015. Mwaka 2020 mahakama ya kijeshi iliwafunga askari wanne miaka 10 kila mmoja. Simu ilirekodi tu. Uandishi wa habari ulianza pale watu walipoketi kuchunguza vivuli.

Kwa hiyo tafuta faili la awali, maana video iliyopita WhatsApp hupoteza sehemu kubwa ya taarifa zake za ndani, kama vile saa na mahali iliporekodiwa. Mpigie aliyerekodi. Mwombe na vipande alivyochukua kabla na baada, kwani aliyekuwepo kweli mara nyingi ana zaidi ya kimoja. Hili nalisisitiza kuliko programu yoyote ya kutambua picha bandia.

Kuna na kauli nyingine ninazozisikia kwao. "Mtandaoni hakuna anayesoma makala ndefu." Si kweli. Desemba 2012 New York Times iliweka simulizi ndefu sana ya maporomoko ya theluji, ikiwa na ramani na video ndani yake. Ilifunguliwa zaidi ya mara milioni 2 katika wiki ya kwanza, na mwaka 2013 ikapata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari nchini Marekani. Inayokimbiwa ni makala mbovu.

"Kila habari iwe na video." Msiziamini takwimu za video bila kuzihoji: mwaka 2016 Facebook ilikiri kwamba kwa takriban miaka miwili ilizidisha wastani wa muda wa kutazama video, kwa kutowahesabu walioangalia chini ya sekunde 3. Habari ya bajeti inataka jedwali. Iacheni iwe jedwali.

"Habari ikiwa na kosa, tutaifuta." Mtaifutaje, na watu wameshapiga picha ya skrini? Andikeni juu ya habari kilichokosewa na saa mliyokirekebisha, na sahihisho lipelekwe kwenye kurasa zilezile zilizosambaza kosa.