Ati kambale haogopi uchafu?

Niko na kakidimbwi nyuma ya nyumba huku Ruai, Nairobi, na kila nikisema maji ya kufulia yanamaliza vifaranga wa samaki, watu wananiangalia kama nimeanza kuringa.

Ile nasikia sana ni hii ya kambale. Ati kambale haogopi uchafu, si utampata kwa mtaro mweusi ametulia tu. Hapo kuna ukweli nusu. Kambale mkubwa ana kiungo juu ya matamvua kinachomsaidia kuvuta hewa ya huku juu kama mimi na wewe, lakini hazaliwi nacho. Zinapita kama wiki mbili tatu baada ya kuanguliwa ndio aanze kukitumia, na kabla ya hapo anategemea oksijeni iliyo ndani ya maji, tena sehemu kubwa anaivuta kwa ngozi kwa sababu matamvua yenyewe bado hayajakomaa. Sasa mwogeshe huyo na sabuni ya unga uone.

Mimi niliona. Msimu wa mvua uliopita mama wa ploti ya juu aligeuza paipu yake ikamwaga kwa mfereji unaoingia kwangu, mimi sijui. Saa kumi na moja alfajiri naenda na tochi napata vifaranga wa tilapia wote wako juu, midomo nje, wanafungua wanafunga, wanafungua wanafunga, na kufika saa mbili wengi walikuwa wamegeuza matumbo. Kambale wakubwa nao walikuwa wanadai chakula.

Nikapanda kwake. "Mama, maji yako yanaingia kwa samaki wangu." Akaniambia, "Kijana, hiyo si ni sabuni tu? Na hata povu hakuna."

Hiyo ya povu nayo inadanganya wengi. Povu linaisha sabuni ikichanganyika na maji mengi, lakini sabuni yenyewe bado iko na inaharibu ule ute unaolinda matamvua. Halafu kuna mafuta ya sufuria, wanga, mabaki ya ugali, hivyo vyote bakteria wanakula na wakila wanamaliza oksijeni. Na Nairobi tunaanza na oksijeni kidogo, kwa sababu tuko mita 1,600 hivi kutoka usawa wa bahari na hewa ni nyepesi: maji ya nyuzi 20 huko Mombasa yanaweza kubeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita, hapa ni saba na nusu hivi, na hiyo ni kabla hujamwaga karai hata moja.

Kuna wale wataniambia uchafu ni mbolea, unaleta ukijani, yaani mwani mdogo wa majini, na tilapia anakula. Ni kweli anakula. Lakini huo ukijani usiku unapumua pia, kwa hivyo oksijeni inakuwa chini kabisa kabla jua kutoka, ndio maana mimi niliwapata hoi saa kumi na moja na si saa nane mchana.

Mbaya zaidi kwangu ni amonia, hii ya mkojo. Kwa maji ya kawaida sehemu kubwa yake iko katika hali isiyo kali sana. Sasa sabuni ya unga ina magadi, magadi yakiingia hiyo amonia inageuka kuwa kali, na jua likipasha maji inazidi. Yaani maji ya bafu yenye mkojo na ya kufulia yakikutana ni sumu kuliko kila moja likija peke yake.

Na usiniambie mto utabeba. Ndio, Mto Nairobi unaingia Athi na mwisho unafika baharini karibu na Malindi, lakini vifaranga hawakai katikati ya mto, wanajificha pembeni kwa maji mafupi, na hapo pembeni ndipo mitaro yetu inamwaga.

Mama alielewa, paipu sasa inaenda kwa migomba yake. Kwa kidimbwi wamebaki kambale, wanene kweli, na juzi jirani mwingine amechungulia akaniambia, unaona, si nilikwambia hawa hawafi na uchafu.